Fimbo ya Mwanzi na Bomba la Puta

Nipe mpira mwembamba unaoonyesha ndani, fimbo iliyonyooka na mwenzangu mmoja asiyependa kuongea sana, nami nitakuambia presha iliyo ndani ya bomba lako bila kulikata. Nasema hivi bila kujificha. Wapo wanaojisifia boti, wapo wanaojisifia watoto waliosoma. Mimi najisifia hilo, na shahidi wangu ni goti la kushoto, ambalo liliishia kwenye vilima nilivyopima.

Ninyi vijana mlioanza kazi ya mabomba huku kando ya Ziwa Mweru, ninawaandikia ninyi. Nina miaka arobaini na minane. Mtasema huo si umri wa kustaafu. Goti ndilo lililostaafu, mimi nimelifuata tu. Sasa nina kibanda Kashikishi, si mbali na bandari, nauza viungo vya mabomba, koki na gundi, na asubuhi nikiona malori yanapakia samaki kwenda Chienge, miguu inaniwasha. Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa njia. Nilizaliwa Pweto, nikakaa Kilwa, ile ya Katanga ng'ambo ya ziwa, nikavuka kama wengi walivyovuka vita ilipotukuta, nikaishi katika makazi ya wakimbizi nyuma ya Nchelenge, na tangu hapo sijawahi kumaliza miaka mitatu chini ya paa moja. Marehemu mama alikuwa akiwaambia majirani, "Huyu mutoto, ukimutuma chumvi, anarudishaka habari ya Pweto. Chumvi, hapana."

Shule nilimaliza, mpaka mwisho wa sekondari. Mwalimu wetu wa fizikia aliandika ubaoni, kwa Kifaransa kizuri, kwamba presha ya maji ni densiti yake mara mvutano wa dunia mara urefu wa kwenda chini. Nilikariri, nikapata alama zote, nikasahau. Sikuwa nimeambiwa kwamba maneno yale yanaweza kupasua bomba.

Aliyenifundisha kazi ni Papa Ilunga; papa kwetu ni heshima kwa mzee. Alikuwa mzee wa Katanga, mfupi, mwenye mabega mapana, aliyefunga mabomba migodini miaka mingi kabla ya kukimbia kama sisi wote. Shule yake ilikuwa ya miaka michache tu ya msingi. Nilipomwendea kule makazini kuomba kazi, nilimwambia kwa majivuno kwamba mimi najua fizikia. Aliweka pipa la lita mia mbili juu ya matofali, akalijaza maji, akafunga mpira mwembamba kwenye tundu la chini, kisha akauinua ule mpira wima kando ya pipa huku akiziba mdomo wake kwa kidole gumba.

"Pipa iko na maji litre mia mbili," akasema. "Mupira iko na maji ya kikombe. Nikiachilia kidole, nani atamusukuma mwenzake?"

"Pipa, Papa."

"Uko hakika?"

"Hata mtoto anajua."

"Bien. Ukishindwa, utanifulia nguo poso nzima."

Poso kwetu ni wiki. Nikakubali. Akaondoa kidole. Maji yakapanda ndani ya mpira, yakafika usawa uleule wa maji ya pipa, yakatulia. Mimi nikaendelea kuangalia.

"Sasa unangojea nini?" akauliza.

"Bado, Papa. Pipa halijasukuma vizuri."

"Imeshasukuma. Na mupira imesukuma. Ni sawasawa. Weye njo umeshindwa."

Niliomba turudie. Nikafua wiki mbili.

Hapo ndipo fizikia ya mwalimu wangu ilipoamka. Presha haiulizi bomba lina upana gani. Haiulizi bomba lina urefu gani likilala, wala limepinda mara ngapi njiani. Inauliza jambo moja tu: kutoka uso wa maji kule juu mpaka hapa uliposimama, ukishuka wima kama jiwe linavyoanguka, ni mita ngapi? Kila mita kumi ni karibu bar moja. Na bar moja, kwa asiyeijua, ni kama kilo ya sukari iliyosimamishwa juu ya ukucha wa kidole chako kidogo. Mita hamsini ni kilo tano juu ya ukucha uleule, na kila eneo la ukucha kwenye ukuta wa bomba linabeba zake, pande zote, bila kupumzika.

Anayetaka hesabu ya kweli, hii hapa. Mita moja ya maji ni paskali elfu tisa na mia nane. Bar ni paskali laki moja. Kwa hiyo mita kumi haifiki bar kamili, inapungua kidogo, ni sifuri nukta tisa nane. Papa Ilunga alikuwa hasemi nukta. Alisema, "Kumi ni moja, kasoro kidole." Mkumbuke hicho kidole, kitarudi.

Jambo la pili alilonifundisha lilinichukua muda mrefu zaidi kuliko kufua nguo. Nilidhani bomba hufanya kazi ngumu pale maji yanapokimbia, koki zote ziko wazi, ndoo zinajaa. Papa akacheka.

"Maji yenye kutembea," akasema, "iko sawa na mutu mwenye kubeba mufuko ya chumvi yenye kutoboka. Anaimwanga kidogo-kidogo njiani. Kama anafika, mufuko imekuwa mwepesi. Lakini maji yenye kusimama haimwange kitu."

Ndivyo ilivyo. Maji yakitembea yanajikuna kwenye kuta na kupoteza nguvu. Funga koki zote, presha yote ya kilima inakaa chini, nzima. Bomba linapopumzika ndipo linapobeba mzigo. Fundi anayepima bomba wakati watu wanachota ni kama mtu anayepima uzito wa mkewe akiwa ameshika mkono mmoja kwenye mlango. Mke atafurahi, lakini namba si ya kweli.

Sasa niwaeleze fimbo, kwa sababu siku hizi hamuijui. Mnapima urefu wa kilima kwa simu. Sina ugomvi na simu, ninayo, lakini nimeishika mahali pamoja ikaniambia urefu mmoja, nikanywa chai, ikaniambia mwingine, na mimi sikuwa nimesogea. Sisi tulipima hivi. Mmoja anakaa juu na ncha moja ya ule mpira uliojaa maji, ameishika chini usawa wa ardhi. Mwingine anashuka na ncha ya pili na fimbo. Maji kwenye ncha mbili yanakuwa usawa mmoja daima. Anayeshuka anatafuta mahali ambapo, akisimamisha fimbo, maji yanaonekana sawa na kichwa cha fimbo. Hapo umeshuka fimbo moja kamili. Unapiga alama, wa juu anakuja hapo, mnaanza tena. Mwisho wa kilima unahesabu fimbo tu.

Fimbo ya Papa Ilunga ilikuwa ya chuma chepesi, urefu wa pima yake moja, yaani mikono yake miwili ikinyooshwa kutoka ncha ya vidole hivi mpaka vile. Aliwahi kuipima kwa futi ya chuma: mita moja na sentimita sabini na tano. Kwa hiyo hesabu yetu ilikuwa fimbo mara moja nukta saba tano, gawa kwa kumi. Niliifanya mara nyingi hivi kwamba mpaka leo nikisikia "thelathini" kichwa kinajibu chenyewe "hamsini na mbili na nusu".

Na hapa lazima niwapeleke sokoni kidogo. Kashikishi kamba za nyavu zinauzwa kwa pima, na pima ni mikono ya mtu. Ya mtu gani? Hapo ndipo soko linapochangamka. Mnunuzi mwenye akili anakuja na shemeji yake mrefu kuliko wote katika ukoo, amekuja kupima tu, hata nyavu hana. Muuzaji naye anamwita kutoka nyuma ya kibanda mpwa wake aliye mfupi. Nimewaona wakibishana mpaka samaki wa jirani wakaanza kunuka. "Huyu si mutu, ni nguzo ya umeme." "Na huyu wako mulimukata miguu ama mikono?" Mwisho wanatafuta mtu wa kati, anapima, wanacheka, wanaachana. Nilisimama pale mara nyingi nikicheka kuliko wote. Kumbukeni hilo pia.

Kazi ya Puta niliipata peke yangu. Papa Ilunga alikuwa amepata habari ya msiba wa ndugu yake, akavuka kwenda Pweto, akaniachia fimbo yake na kusema, "Weye uko fundi sasa. Usinitie haya." Kijiji kilikuwa kando ya ziwa, na juu ya kilima nyuma yake kulikuwa na chemchemi isiyokauka. Kipindupindu kilikuwa kimewapitia, na maji ya ziwa waliyoyachota pale wanapoanika chisense, vile visamaki vidogo vya Mweru, hawakuyaamini tena. Mabomba ya plastiki nyeusi walikuwa wameshaletewa na wafadhili, yote ya daraja la sita, yaani yaliyotengenezwa kubeba bar sita, si zaidi. Swali nililoitiwa lilikuwa moja: je, yatatosha?

Mwenyekiti wa kamati ya maji alikuwa mama mmoja, Ba Mwansa, mfanyabiashara wa samaki; hiyo "Ba" ni heshima ya Kibemba kwa mtu mzima. Kiswahili chake kilikuwa cha ng'ambo, alichojifunza akiuziana na Wakongo ziwani, na alikitumia kama kisu cha jikoni. Wanawake wake walikuwa wameanza kuchimba mtaro hata kabla sijafika. Kilomita mbili na zaidi, kwa majembe na vijiko vya kuondolea majivu, kwenye udongo uliokauka kama tofali.

Nilishuka kwenye lori pale Puta nikiwa na mpira wangu begani, nikasalimia, nikakaribishwa, nikapewa maji ya kunawa. Nilipogeuka kuchukua fimbo, lori lilikuwa limeshaondoka, na fimbo ya Papa Ilunga ilikuwa juu ya magunia, inaelekea Chienge.

Ningeweza kungoja. Ningeweza kuomba futi mahali. Lakini nilikuwa kijana, fundi kwa mara ya kwanza, watu wananitazama. Nikauliza kama kuna mtu wa kunikatia fimbo ya pima moja. Wakamwita mshona nyavu, Ba Chisenga. Akaja akiwa ameinama kupita chini ya paa, akasimama, akanyoosha mikono.

"Pima ni pima, mukwai," akasema kwa ukarimu, kwa heshima ile ya Kibemba. Mwenzake akaulaza mwanzi juu ya mikono ya Ba Chisenga, ncha ya vidole mpaka ncha, akakata. Mwanzi mzuri, umenyooka. Nikashukuru, nikapanda kilima.

Mimi niliyecheka kuliko wote kule sokoni.

Tulipima siku nzima. Fimbo thelathini na moja kutoka uso wa maji ya chemchemi mpaka koki ya chini kabisa, ile ya karibu na kanisa. Nikapiga hesabu juu ya karatasi, mara moja nukta saba tano: mita hamsini na nne na kidogo. Haifiki bar tano na nusu. Bomba la sita linatosha. Nikaitangaza mbele ya wanawake wote, na wakapiga vigelegele. Geji ya kupimia presha nilikuwa nayo, lakini sindano yake ilikuwa imekwama, nikaona si kitu. Hesabu ninayo.

Mabomba yakalazwa, na maji yakafika Jumatatu moja. Wiki nzima yalitiririka, watu walichota asubuhi mpaka jioni, na koki ya shule ilikuwa na kasoro, haikufunga vizuri, ikawa inamwaga mchana na usiku. Jumamosi jioni nikaitengeneza ikafunga kabisa, nikajipongeza. Jumapili kijiji chote kikaenda kanisani. Hakukuwa na ndoo hata moja inayochota. Koki zote zimefungwa, maji yamesimama. Mahali pamoja, karibu na kanisa, bomba lilipita juu ya mwamba kwa sababu mtaro haukuweza kuchimbwa, na jua la saa nne lilikuwa limeipasha plastiki moto mpaka ikawa laini.

Kwaya ilikuwa katikati ya wimbo. Tulisikia mlio kama mtu amepiga bati kwa rungu, kisha maji yakaanza kunyesha juu ya paa la kanisa. Wimbo ukakatika. Mzee mmoja nyuma akasema "Mvua," na mke wake akamjibu, "Mwezi huu?"

Nilipofika, kiungo kilikuwa kimechomoka na bomba lilikuwa limechanika urefu wa mkono. Nikakimbia kufunga vali ya juu. Niliporudi, Ba Mwansa alikuwa amesimama kando ya mwamba, nguo zake za kanisani zimelowa. Hakupaza sauti.

"Siye tulichimba na mikono yetu," akasema. "We ulihesabu na nini?"

Nilisema tu kwamba nitakwenda Kashikishi kutafuta kiungo kingine. Alinitazama, na nikajua anajua. Mtu wa njia anaonekana. Jumatatu asubuhi nilipanda lori, na ninawaambia ukweli wangu wote: sikuwa nimeamua kurudi. Kutoka Kashikishi kulikuwa na boti za kwenda Kilwa kila siku. Nilikuwa nimeondoka mahali pengi kwa sababu ndogo kuliko hiyo.

Papa Ilunga alikuwa amesharudi kutoka msibani. Nilimkuta bandarini, na mkononi ameshika fimbo yake ya chuma. Dereva wa lori aliirudisha kutoka Chienge.

"Fimbo yangu imetembea kupita weye," akasema. "Ulipima na nini?"

"Na pima, Papa. Ya mwanzi. Pima moja."

"Pima ya nani?"

Mbele yangu, kwenye kibanda cha kamba, shemeji mmoja mrefu alikuwa amenyoosha mikono na muuzaji analalamika. Kichwani nikamwona tena Ba Chisenga kule Puta, akiinama kupita chini ya paa.

"Ya mshona nyavu," nikasema. "Ni mrefu, Papa. Mrefu sana."

Papa Ilunga alicheka mpaka akakaa juu ya gunia. Kisha akaacha ghafla. "Sikia. Namba yote iko na mwenyewe. Mbele ya kuuliza ngapi, uliza ya nani. Sasa, unaenda Kilwa ao unaenda Puta?"

Sikumwambia habari ya Kilwa. Sijui alijuaje.

"Nikienda Puta watanifukuza."

"Bakufukuze basi. Lakini bakufukuze na hesabu ya kweli mukononi."

Nilirudi na futi ya chuma, geji nzima ya kuazima, na boya la tangi. Sikwenda kwanza kwenye bomba. Nilikwenda kwa Ba Mwansa, nikaomba ule mwanzi, nikaupima mbele yake na mbele ya wanawake waliokuwa wakigeuza chisense. Mita mbili na sentimita tano. Nikaandika kwa mkaa kwenye ukuta wake: thelathini na moja mara mbili nukta sifuri tano. Mita sitini na tatu na nusu. Zaidi ya bar sita.

"Kosa si la Ba Chisenga," nikasema. "Kosa ni langu. Sikuuliza mikono yake ni mita ngapi. Bomba lenu halitoshi kwa kilima kizima."

Wanawake walitazamana. Mmoja akasema kwa Kibemba maneno ambayo sitayaandika. Ba Mwansa akauliza, "Kwa hiyo mutaro yetu ni bure?"

Hilo ndilo nililokuwa nimelifikiria njia nzima, nikitikiswa juu ya magunia. "Hapana, mama. Hatubadilishi bomba hata moja. Tutayadanganya maji."

Nikawaeleza. Katikati ya kilima tungejenga kisanduku cha zege. Maji ya juu yanaingia humo na kumwagika hewani, na maji yakishaguswa na hewa yanasahau kilima chote yalichoshuka. Presha inarudi sifuri. Yanaanza safari upya kutoka uso wa kisanduku, kama mtu aliyetua mzigo, na boya linaziba mlango kisanduku kikijaa ili yasimwagike koki za chini zikifungwa. Kilima kimoja kinakuwa vilima viwili vidogo, na kila kimoja bomba la sita linakibeba kwa mkono mmoja.

"Maji inasahau?" akauliza Ba Mwansa.

"Inasahau."

"Siye hatusahau," akasema. Wanawake wakacheka, na huo ulikuwa mwanzo wa kunisamehe.

Walibeba mawe na mchanga kichwani. Mimi nilibeba saruji, na goti langu lilianza kulalamika hapo, siku hizo. Safari hii nilipima kwa fimbo ya mita mbili kamili niliyoikata kwa futi. Kutoka uso wa kisanduku mpaka koki ya kanisani: fimbo kumi na sita na nusu. Mita thelathini na tatu.

Siku ya kufungua, tulikuwa tumemimina zege jipya chini ya koki ile, bado bichi. Kabla sijashika vali, Ba Mwansa aliniita.

"Geji itasema ngapi?"

"Tutaona, mama."

"Hapana. Usione. Andika mbele. Hapa." Akaninyooshea msumari, akaonyesha zege. "Halafu tutaona."

Kijiji kizima kilikuwa pale, na Ba Chisenga nyuma, kichwa juu ya wote, hana raha. Mita kumi ni bar moja, kasoro kidole. Thelathini na tatu mara sifuri nukta tisa nane. Mtu mwenye haraka angeandika tatu nukta tatu. Nikachuchumaa, nikaandika kwenye zege: 3.2.

Nikafungua vali ya juu. Tukafunga koki zote, moja baada ya nyingine, polepole, kwa sababu koki ikifungwa ghafla maji yanagonga kama ng'ombe. Maji yakasimama. Sindano ya geji ikapanda, ikatikisika kwenye tatu, ikapita, ikakaa kwenye tatu nukta mbili. Ba Mwansa aliinama akaisoma mwenyewe, kisha akasoma zege, kisha akaisoma tena geji. Hakupiga vigelegele. Aliokota ule mwanzi wa Ba Chisenga, akaupeleka nyumbani kwake mwenyewe.

Miaka mingi nimefunga mabomba baada ya hapo, na sijapasua jingine kwa hesabu. Kwa uzembe wa watu, ndiyo. Kwa jembe la jirani, mara tatu. Kwa hesabu, hapana. Na kila fundi niliyemfundisha nimemuuliza swali lilelile mpaka ananichukia: ya nani? Simu inasema mita sitini: za nani? Karatasi ya kiwandani inasema bar kumi: kwenye joto gani, ya mwaka gani, umeisoma wewe?

Mwaka jana muwasho wa miguu ulinishinda, nikapanda lori la samaki mpaka Puta kutazama tu. Nilikuta dada mmoja fundi, mdogo, katoka chuoni, amekuja kuongeza mstari wa bomba kuelekea shule mpya. Ana simu kubwa na kofia ya plastiki. Ba Mwansa sasa anatembea kwa mkongojo. Aliingia ndani akatoka na mwanzi, umekuwa mweusi kwa moshi wa jiko, akamwekea yule dada mbele.

"Pima hii kwanza," akasema.

Dada alicheka, akadhani ni mzaha, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka. Akatoa futi. "Mbili nukta sifuri tano, mama."

"Vizuri. Sasa anza kazi."

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye jiwe karibu na koki ya kanisani, nimenyoosha goti. Ba Mwansa alikuwa ameshaniona lakini hakuniita. Yule dada akaja kufunga geji yake, akaisoma, akainama kufuta mchanga juu ya zege.

"Tatu nukta mbili," akasema. "Ileile. Nani aliandika hapa?"

Ba Mwansa hakunigeukia. Aliegemea mkongojo wake akatazama kilimani, kule kisanduku kilipo.

"Mutu mumoja," akasema. "Alikosea, akarudi."